Sir George Stokes: Mwana wa kasisi aliyeandika sheria ya mwendo wa maji

MVUVI wa Dunga hahitaji kalamu wala karatasi ili kuijua tabia ya ziwa. Anajua kwamba usiku upepo hushuka kutoka nchi kavu na kumsukuma kuelekea majini, akaitafute omena kwa mwanga wa taa. Anajua pia kwamba mchana upepo hugeuka, ukavuma kutoka ziwani na kumrudisha ufuoni. Aidha, kuna asubuhi ambapo wakazi wa Kisumu huamka na kukuta ukingo wa maji umefunikwa na gugumaji, na baada ya siku chache gugu hilo likatoweka bila kung'olewa na mtu yeyote. Limechukuliwa na upepo na mikondo, likaenda kuwasumbua watu wa ufuo mwingine.

Je, mienendo hiyo yaweza kuandikwa kwa hesabu? Je, mtu aweza kukaa mezani akakokotoa tope la Mto Nyando litatua wapi, au maji machafu ya mji yatachukua siku ngapi kufika Homa Bay? Wanaojaribu kufanya hivyo leo, popote walipo duniani, huanza na mlinganyo mmoja wenye majina mawili: la Mfaransa Claude-Louis Navier na la mwana wa kasisi kutoka Ireland, George Gabriel Stokes.

Stokes aliishi Ireland na Uingereza. Reli ilipofika Port Florence, yaani Kisumu ya leo, mnamo Desemba 1901, yeye alikuwa mzee wa miaka 82, na ilikuwa imebaki mwaka mmoja na ushei tu kabla afariki. Hata hivyo, hakuna mtaalamu anayeyapima maji ya Ghuba ya Winam asiyetumia kazi ya mikono yake. Na swali aliloliacha bila jibu bado linawatoa jasho wanahisabati.

Mtoto wa ufuo

George Gabriel Stokes alizaliwa tarehe 13 Agosti 1819 katika kijiji cha Skreen, wilaya ya Sligo, magharibi mwa Ireland. Baba yake, Gabriel Stokes, alikuwa kasisi wa Kanisa la Kianglikana katika parokia hiyo. Mama yake, Elizabeth Haughton, alikuwa pia binti wa kasisi. George alikuwa kitinda mimba, na ndugu zake watatu wa kiume walifuata nyayo za baba yao kanisani. Ilikuwa nyumba ya dini, nidhamu na kipato cha wastani, nayo imani hiyo haikumtoka hadi kaburini.

Kijiji hicho hakiko mbali na Bahari ya Atlantiki, ambayo mawimbi yake ni makubwa na hayana huruma. Inasimuliwa katika familia yake kwamba alipokuwa akioga baharini utotoni, wimbi kubwa lilikaribia kumchukua, na kwamba tangu siku hiyo alianza kuyatazama mawimbi kwa jicho la kutaka kujua. Watu wa ziwani wataielewa habari hiyo bila kufafanuliwa. Aliyewahi kuponea chupuchupu majini huyatazama maji kwa namna tofauti na yule aliyeyaona kutoka barabarani tu.

Alisoma Dublin, kisha Bristol, na mwaka 1837 akaingia Chuo cha Pembroke katika Chuo Kikuu cha Cambridge. Mwaka 1841 aliibuka wa kwanza miongoni mwa watahiniwa wote wa hisabati, na chuo chake kikampa nafasi ya utafiti na ualimu. Miaka minane baadaye, mwaka 1849, aliteuliwa Profesa wa Hisabati katika kiti cha Lucas, kiti kile kile alichokikalia Isaac Newton. Alidumu nacho kwa zaidi ya nusu karne, hadi kufa kwake. Mshahara wa kiti hicho haukuwa mnono, hivyo alilazimika kufundisha pia London ili kujikimu.

Mlinganyo wa 1845

Ili kuuelewa mchango wake, yafaa kurudi nyuma kidogo. Karne moja kabla yake, Leonhard Euler alikuwa ameandika milinganyo ya mwendo wa maji kwa kuifuata sheria ya Newton. Kila tone la maji lina uzito, linasukumwa na shinikizo la matone mengine, na hubadilisha kasi yake kulingana na msukumo huo. Lakini maji ya Euler hayakuwa na msuguano. Kwa hesabu zake, uji na asali na maji ya kisima vingetiririka sawasawa, na mkondo ukishaanza usingekoma.

Kila aliyewahi kukoroga uji wa wimbi anajua kwamba sivyo. Tabaka moja la kimiminika likipita juu ya jingine, yanakwaruzana, na lile lenye mbio hupunguzwa kasi na lile lenye mwendo wa pole. Sifa hiyo huitwa mnato. Navier aliiingiza katika milinganyo mwaka 1822, akiijenga hoja yake juu ya dhana kuhusu jinsi chembe ndogo zisizoonekana zinavyovutana. Wafaransa wenzake, Poisson na Saint-Venant, nao waliligusa jambo hilo baada yake.

Stokes, akiwa kijana wa miaka 25, alifika mahali pale pale kwa njia yake mwenyewe. Alipogundua kwamba wengine walikuwa wamemtangulia, hakuificha kazi yao wala hakuitupa yake. Aliwataja, akaeleza tofauti, na mwaka 1845 akaitoa hoja yake kwa Cambridge. Tofauti hiyo ilikuwa na uzito. Yeye hakutaka kutegemea ubashiri kuhusu chembe ambazo hakuna aliyekuwa ameziona. Alisema tu kwamba msuguano hutegemea jinsi matabaka yaliyo jirani yanavyotofautiana kasi, na kwamba kimiminika chenyewe hakibagui upande. Msuguano wa kushoto na kulia, wa mbele na nyuma, wa juu na chini, wote una kipimo kimoja.

Msomaji aiweke kauli hiyo ya mwisho akilini, kwa maana ndiyo itakayotuleta tena ziwani.

Punje ya tope

Mwaka 1851 Stokes alichapisha kazi nyingine, iliyoanza na jambo lililoonekana dogo. Wakati huo nguvu ya mvutano wa dunia ilipimwa kwa timazi inayobembea, na msuguano wa hewa uliharibu vipimo. Alipokuwa akitafuta namna ya kuusahihisha, alipata kanuni ya kasi ya kitu kidogo cha mviringo kinachozama polepole katika kimiminika. Kasi hiyo hutegemea mraba wa kipenyo chake: punje ikiwa ndogo mara mbili, huzama polepole mara nne. Kwa kanuni hiyo aliweza kueleza kwa nini mawingu, ambayo ni matone madogo ya maji, hukaa angani badala ya kuanguka.

Kanuni iyo hiyo inaueleza wekundu wa maji ya Winam baada ya mvua. Mito ya Nyando na Sondu Miriu hushuka kutoka nyanda za juu ikiwa imebeba udongo wa mashamba. Tukitumia kanuni ya Stokes katika maji tulivu yenye kina cha mita 6, punje ya mchanga mwembamba yenye kipenyo cha sehemu 5 za mia za milimita hufika chini kwa muda wa takribani dakika 40. Punje ya udongo wa mfinyanzi yenye kipenyo cha sehemu 2 za elfu za milimita huhitaji zaidi ya wiki mbili. Na ghuba haitulii kwa wiki mbili. Kabla punje hiyo haijagusa sakafu, upepo wa mchana umeikoroga tena na mkondo umeihamisha. Ndiyo maana mchanga hutua mlangoni mwa mto, ilhali udongo laini husafiri mbali, ukiwa na mbolea na uchafu ulioshikamana nao.

Wenye gugumaji nao wanamdai shukrani. Katika utafiti wake wa mwaka 1847 kuhusu mawimbi, alionyesha kwamba kitu kinachoelea hakipandi na kushuka tu mahali pamoja. Kila wimbi linapopita hukisogeza mbele kidogo, na hatua hizo ndogo zikijumlishwa huwa safari.

Mtumishi wa kazi za wengine

Mwaka huo huo wa 1847 daraja la chuma la reli juu ya Mto Dee, mjini Chester, lilivunjika treni ikipita na watu wakafa. Stokes alikuwa miongoni mwa waliokokotoa jinsi daraja linavyojipinda uzito unapolipita kwa kasi. Zaidi ya miaka thelathini baadaye, mnamo Desemba 1879, daraja la Mto Tay huko Scotland liliporomoka katika dhoruba na treni ikatumbukia majini. Stokes akaitwa tena, safari hii kushauri kuhusu nguvu ya upepo juu ya madaraja. Alijua basi kwamba hesabu si mchezo wa mezani. Ikikosewa, kuna familia zitakazovaa nguo za matanga.

Mwaka 1854 alichaguliwa Katibu wa Chama cha Kifalme cha Sayansi mjini London, wadhifa alioushika kwa miaka 31. Kazi yake ilikuwa kusoma tafiti za wengine, kuzisahihisha na kuwaandikia barua waandishi wake. Marafiki zake, akiwemo William Thomson aliyekuja kuitwa Lord Kelvin, walisikitika kuona kipaji kikubwa kama hicho kikitumika kunyoosha kazi za watu huku zake mwenyewe zikingoja. Hakulalamika. Hata nadharia maarufu inayoitwa kwa jina lake katika vitabu vya vyuo vikuu haikutoka kwake. Thomson alimwandikia kuihusu mwaka 1850, naye akaiweka katika mtihani wa mwaka 1854. Kutokana na mtihani huo watu wakaizoea kuwa ya Stokes.

Mwaka 1857 alimwoa Mary Robinson, binti wa mwanaastronomia wa Armagh. Kwa sheria za Cambridge za wakati huo, ndoa ilimgharimu nafasi yake chuoni, na aliirejeshewa baadaye sheria zilipolegezwa. Nyumba yake haikukosa majonzi, kwani alizika watoto wachanga. Heshima za umma zilimjia uzeeni: Rais wa Chama cha Kifalme kuanzia 1885 hadi 1890, mbunge wa Chuo Kikuu cha Cambridge, na cheo cha ubaroneti mwaka 1889. Bungeni alikuwa mtu wa kimya. Alifariki Cambridge tarehe 1 Februari 1903.

Swali lililobaki

Kuandika mlinganyo ni jambo moja, na kuutatua ni jingine. Stokes aliutatua pale mwendo ulipokuwa wa pole au wa namna rahisi. Lakini maji yanapochafuka, vizunguko vikubwa huzaa vidogo, navyo huzaa vidogo zaidi. Hapo huzuka swali la kutisha: je, mlinganyo unaweza kufika mahali ukadai kwamba kasi ya maji katika nukta fulani imekuwa kubwa pasipo kikomo? Maji halisi hayafanyi hivyo. Mlinganyo ukifanya hivyo, basi kuna wakati hauelezi tena maji tunayoyajua.

Mwaka 1934 Mfaransa Jean Leray alithibitisha kwamba suluhisho la namna fulani lipo daima, lakini hakuweza kuthibitisha kwamba daima ni laini, yaani halina mapengo wala miruko ya ghafla. Kwa maji ya kubuni yanayotiririka katika pande mbili tu, kama mchoro juu ya karatasi, wanahisabati walifaulu kuthibitisha ulaini huo. Kwa maji ya pande tatu, bado. Mwaka 2000 Taasisi ya Clay ya Marekani ilitenga dola milioni 1 kwa atakayelijibu swali hilo, na zawadi hiyo haijachukuliwa.

Ili kuelewa ugumu ulipo, wanahisabati wamekuwa wakiubadilisha msuguano wenyewe. Katika mlinganyo wa Stokes, kizunguko cha maji kikipungua upana kwa nusu, msuguano hukipunguza nguvu kwa kasi ya mara 4. Nguvu hiyo hupewa kipeo cha 1. Kipeo kikishushwa hadi nusu, kizunguko hicho kitapunguzwa kwa kasi ya mara 2 tu. Kikipandishwa hadi moja na robo, kasi hiyo itakuwa takribani mara 5.7. Katika kitabu chake cha mwaka 1969, Jacques-Louis Lions alionyesha kwamba kwa kipeo cha moja na robo, maji ya pande tatu hayaendi wazimu kamwe. Kati ya maji ya Stokes na maji yanayothibitika kuwa salama kuna robo moja tu, na robo hiyo imekuwa mto usio na kivuko.

Hatua iliyofuata ilikuwa kuuliza kama ni lazima kila upande uwe na kipeo sawa. Labda msuguano ungeweza kuwa na nguvu kwa ulalo na hafifu kwa wima, au kinyume chake, na bado maji yakatulia. Utafiti wa namna hiyo umeshamiri katika miongo ya karibuni. Mtu aweza kudhani ni mchezo wa wasomi wasio na kazi. Sivyo, na ziwa letu ni ushahidi.

Ziwa kama karatasi

Ziwa Victoria lina upana wa takribani kilomita 250, lakini kina chake cha wastani ni mita 40 tu. Lingepunguzwa likawa na upana wa mita moja, kina chake kingekuwa sawa na unene wa karatasi moja au mbili. Ghuba ya Winam, ambayo kina chake cha wastani hakifikii mita 10, nayo ina umbo lilo hilo. Katika umbo la namna hiyo, maji yana nafasi tele ya kuzunguka kwa ulalo, lakini kwa wima yamebanwa. Zaidi ya hayo, jua linapopasha tabaka la juu, maji moto huelea juu ya maji baridi na kukataa kuchanganyika nayo. Kwa hiyo wanaotengeneza hesabu za ziwa huupa mchanganyiko wa ulalo kipimo kinachoweza kuuzidi ule wa wima kwa maelfu ya mara. Mnato wa maji yenyewe haubagui upande, kama Stokes alivyosema. Ni ziwa, kwa umbo lake na joto lake, linalobagua.

Na hapa pana habari njema. Katika bahari na maziwa mapana yenye kina kidogo, inaruhusiwa kurahisisha mlinganyo wa wima na kusema kwamba shinikizo la chini hutokana na uzito wa maji yaliyo juu. Mwaka 2007 Chongsheng Cao na Edriss Titi walichapisha uthibitisho kwamba milinganyo iliyorahisishwa hivyo, yenye mnato, ina suluhisho laini kwa wakati wote, katika pande zote tatu. Baadaye, wakishirikiana na Jinkai Li, walionyesha kwamba hata msuguano wa ulalo pekee waweza kutosha. Swali la Stokes bado liko wazi kwa maji kwa ujumla, lakini kwa maji yaliyotandazwa kama karatasi limepata jibu. Wembamba wa ziwa ndio uliolirahisisha.

Tofauti ya pande ina gharama zake kwa wanaoishi ufuoni. Mchanganyiko wa wima unapozuiwa, oksijeni haifiki chini. Upepo ukija ukayapandisha maji hayo yaliyochoka, samaki hufa. Mwaka 2022 wafugaji wa samaki katika vizimba vya upande wa Kenya walipoteza samaki wengi mno, na upungufu wa oksijeni ukatajwa kuwa chanzo. Kwa upande wa ulalo, mlango ukizibwa, maji hukaa. Katika miaka ya 1980 njia ya maji ya Mbita ilizibwa kwa tuta la barabara lililounganisha Kisiwa cha Rusinga na bara. Ghuba ikabaki kupumua kupitia mlango wa Rusinga pekee, hadi tuta lilipokuja kubomolewa na daraja kujengwa ili maji yapite tena. Mlinganyo wa kutabiri athari ya tuta kama hilo ulikuwapo tangu 1845. Kilichohitajika ni vipimo vya upepo, joto na kina, na watu wa kuvisoma kabla mawe hayajamwagwa.

Hilo ndilo deni ambalo Stokes anatuachia. Mtu huyu aliyekaribia kuchukuliwa na wimbi utotoni alitumia maisha yake kuandika kwa usahihi kile alichokijua, na kutokudai kile asichokithibitisha. Uthibitisho wa wanahisabati unatuambia kwamba hesabu za ziwa haziwezi kwenda wazimu zenyewe. Hautuambii upepo wa kesho utavuma vipi pale Dunga, wala ni udongo kiasi gani utashushwa na Nyando katika masika yajayo. Hayo hayapatikani Cambridge. Yanapimwa hapa ufuoni, siku baada ya siku, na watu wanaokunywa maji hayo.